Basi Limerudi Njia ya Wapagazi

Pembezoni mwa Kariakoo, upande wa Gerezani, kuna kituo ambacho kila kondakta wa daladala jijini Dar es Salaam anakijua. "Kamata wa kushuka!" anapaza sauti, na abiria wanaminyana kuelekea mlangoni, wanashuka, wanavuka barabara na kuzama Kariakoo kutafuta vitenge, simu au spea za pikipiki. Sehemu hizo mbili zimepakana, na majina yao yametoka kwenye kazi ya aina moja. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, kilichokuwa na kambi yake hapo baada ya Wajerumani kuondolewa mjini mwaka 1916. Kamata ni KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, shirika la umma lililokuwa likipeleka abiria mikoani. Kikosi kilivunjwa zamani, kampuni nayo ilikufa. Makondakta wanaendelea kuyataja majina hayo kutwa nzima, pengine bila kufikiria kwamba wanawataja waliowatangulia kwenye kazi yao wenyewe.

Kazi ya uandishi wa habari imenipeleka Tabora mara kadhaa, na kila nikienda huwa najiuliza kwa nini historia ya usafiri wa upande ule tunaihadithia kwa vyombo na wenye vyombo tu. Tutataja msafara wa fulani, treni ya Mjerumani, basi la Leyland, basi la Mchina. Waliobeba, walioendesha, waliopakia na kupakua, hao huja mwishoni, kama wakija kabisa. Hebu tuigeuze hadithi hiyo. Tuianze na mabega.

Njia yenyewe wengi tunaijua kwa juu juu. Ilianzia Bagamoyo na bandari za jirani, ikapanda kuelekea Mpwapwa, ikakatiza Ugogo, ikaingia kwenye pori kubwa kavu lililoitwa Mgunda Mkali, ikatokea Tura, mpakani mwa Unyamwezi, ndipo ikafika Unyanyembe, palipo Tabora ya leo. Wakati huo wageni wengi walipaita Kazeh. Kutoka hapo iligawanyika: tawi moja likaenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, lingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Leo basi likitoka Dar es Salaam alfajiri, usiku linakuwa limeshaingia Tabora.

Lakini Burton hakuifungua njia hiyo, wala Waarabu aliowakuta na nyumba zao za tembe pale Kazeh hawakuifungua peke yao. Wanyamwezi walikuwa wameshateremka pwani na misafara yao wenyewe tangu mwanzoni mwa karne ya 19, wakipeleka pembe za ndovu na kurudi na nguo, shanga na waya za shaba. Kwa vijana wa Unyamwezi, kwenda pwani kulikuwa sehemu ya kukua. Aliyekuwa hajawahi kuiona bahari alihesabiwa kuwa bado hajawa mtu mzima sawasawa. Kwa hiyo pale watu wa nje walipoanza kutafuta wa kuwabebea mizigo, walikuta wataalamu tayari wapo.

Nasema wataalamu kwa makusudi. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa na kazi yenye taratibu zake. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, na juu yake aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, silaha, chakula. Pembe kubwa walipewa wenye nguvu zaidi, na heshima yao ilikuwa kubwa vilevile. Mbele alitembea kirangozi, mwenye kuijua njia, maji na tabia za watemi wa huko mbele. Wanawake walikuwemo pia, wake wa wapagazi na wengine waliojitafutia, wakibeba na kupika na kufanya biashara ndogondogo njiani. Mshahara ulikubaliwa kabla ya kuondoka, mara nyingi kwa nguo, hasa merikani, kitambaa cheupe kilichopata jina lake kutokana na nchi kilikotoka. Na kila siku kulikuwa na posho.

Hapa wapenda lugha mtanisamehe nisimame kidogo. Posho ilikuwa chakula cha msafara, au nguo na shanga za kununulia chakula hicho, na kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku ndicho kilikuwa kipimo kilichozoeleka. Leo posho ni hela anayopewa mbunge kwa kukaa kikaoni. Hongo ilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtemi ili upite kwenye nchi yake na utumie visima vyake. Ilikuwa malipo ya wazi, yanayojadiliwa mbele za watu, pengine kwa siku kadhaa. Leo hongo hutolewa kwa siri, na atakayekamatwa nayo anaenda mahakamani. Maneno yamesafiri njia ileile, na njiani yamebadilisha wenyewe. Kiswahili chenyewe kilifika Unyamwezi, Ujiji na hadi ng'ambo ya ziwa, Kongo, kwa miguu ya watu hawa, kabla ya shule ya mmisionari na kabla ya ofisi ya serikali.

Sasa, kuna jambo lazima lisemwe bila kuzungukazunguka. Kwenye njia hiyohiyo walitembea watumwa. Waliteremshwa pwani kutoka Manyema na kwingineko, na kuna mateka waliobebeshwa mizigo pia. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi aliyejiajiri kwa mkataba hakuwa mtumwa, na kuwachanganya hao wawili ni kuwakosea wote. Mtumwa ananyang'anywa historia ya mateso yake, na mpagazi ananyang'anywa historia ya kazi yake. Mwanahistoria Stephen Rockel alitoa kitabu mwaka 2006, *Carriers of Culture*, na hoja yake kubwa ni kwamba wapagazi hawa walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo wa mshahara katika Afrika Mashariki, wenye utamaduni wao wa kazi na namna zao za kuutetea.

Kuutetea vipi? Soma vitabu vya wasafiri wa Ulaya. Karibu kila mmoja amejaza kurasa kulalamika kwamba wapagazi ni wavivu, wanatupa mizigo chini, wanakataa kuondoka kambini, wanatoroka usiku. Geuza malalamiko hayo, uyasome kutoka upande wa pili, utakuta kitu ambacho mwandishi yeyote wa habari za wafanyakazi anakifahamu: mgomo. Posho imepunguzwa, hawaondoki. Mwendo umezidi na maji hakuna, mizigo inawekwa chini. Bosi amevunja makubaliano, usiku watu wanarudi kwao. Hawakuwa na chama wala katibu mkuu. Walikuwa na kitu kimoja ambacho bosi alikihitaji kuliko chochote, mabega yao, na walijua.

Tukio linaloonyesha zaidi nia yao halikuhusu hata mshahara. David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliamua kumrudisha pwani. Waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili, wakaufunga na kuubeba. Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba walimkuta Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike palepale. Wakakataa. Wakaendelea, wakapita Mgunda Mkali, wakapita Ugogo, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Aprili mwaka huo Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London. Uamuzi mkubwa kuliko yote wa safari hiyo ulifanywa Tabora, na waliuamua wapagazi.

Reli ilibadilisha mambo. Wajerumani, baada ya kumshinda Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua ndani ya ngome yake Januari 1893 ili asikamatwe, walikuwa na nchi lakini hawakuwa na chombo. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Ilifuata njia ya misafara kwa ukaribu sana: itazame ramani, uone Itigi, Chaya, Tura, Nyahua, hadi Tabora. Wanyamwezi wengi walifanya kazi ya kuitandika. Yaani waliokuwa wakibeba ndio waliojenga kitu cha kuwaondoa kwenye kubeba. Kisha ikaja vita, na upagazi ukarudi kwa sura mbaya kuliko zote. Majeshi ya pande zote yaliwachukua watu kwa maelfu mengi kubeba risasi na chakula mahali ambako reli na gari havikufika, wengi kwa lazima, na waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi sana. Tabora yenyewe ilitekwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo Septemba 1916. Huko ndiko linakotoka jina la Kariakoo. Sanamu ya Askari pale Samora Avenue, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ya mtu mwenye bunduki. Nairobi angalau waliweka sanamu tatu, na mmoja wa watatu hao ni mpagazi.

Baada ya vita Tabora ikawa mji wa relwe. Tawi la kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928, na Tabora ikawa njia panda ya treni kama ilivyokuwa njia panda ya miguu. Hapo ndipo barabara iliponyimwa nafasi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imezika fedha nyingi kwenye reli, na katika miaka ya 1930 iliyabana malori yasishindane nayo. Magari yalitakiwa yailishe reli: yachukue watu na mizigo kutoka kusikofika treni, yaipelekee stesheni. Mfano mzuri ni Itigi, ambako mabasi na malori ya relwe yalipakia abiria walioshuka kwenye treni na kuwapeleka Chunya na Mbeya. Kujenga barabara nzuri sambamba na reli kulionekana kama kujipiga mwenyewe. Ndiyo maana kwa muda mrefu sana aliyetaka kutoka Tabora kwenda pwani alipanda treni, au alikaa.

Basi la umma lilikuja na uhuru, au tuseme na Azimio. Dar es Salaam ilikuwa na kampuni binafsi ya Waingereza, Dar es Salaam Motor Transport, DMT, iliyoanza mwaka 1949. Serikali iliitaifisha mwaka 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa mara mbili: Usafiri Dar es Salaam, UDA, ikabaki na mji, na KAMATA ikapewa safari za mikoani. Chini yao, mikoa nayo ikaanzisha kampuni zake za usafiri zilizojulikana kwa ujumla kama RETCO. Mpango ulikuwa na mantiki: mjini UDA, mkoani RETCO, kati ya mkoa na mkoa KAMATA, na uti wa mgongo ubaki kuwa treni. Nauli ilipangwa na serikali ili mkulima aweze kuilipa.

Jina la KAMATA nalipenda. Kifupisho kimegeuka kuwa amri: kamata! Kamata basi, kamata siti, kamata bomba, maana utasimama. Na watu walisimama kweli. Huo ulikuwa wakati wa Operesheni Vijiji, nchi nzima inahamishwa kwa malori ya serikali, na kila mtu ana ndugu aliyepelekwa mahali pengine. Mahitaji ya kusafiri yaliongezeka kuliko mabasi. Magari yenyewe yalitoka nje, na spea zake zilihitaji fedha za kigeni. UDA, kwa mfano, ilikuwa na Leyland za Uingereza na baadaye Ikarus za Hungary, mengine yale marefu yenye kiungo katikati. Kila kabila la basi lilitaka spea zake na fundi wake. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Katikati yake Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, relwe ikagawanywa, kisha vita ya Kagera ikaanza mwaka 1978. Magari ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kupeleka wanajeshi na mizigo Uganda. Yaliyorudi yalirudi yamechoka.

Mtu akisema mashirika ya mabasi yalikufa kwa sababu ya uzembe, hajakosea yote, ila amechukua njia ya mkato. Nauli ilikuwa chini ya gharama, spea zilisubiri kibali cha fedha, na gari bovu liliwekwa juu ya matofali ili lingine lipate vipuri vyake. Kufikia mwaka 1983 serikali ilikubali hadharani kwamba UDA haiwezi peke yake, ikaruhusu magari binafsi kubeba abiria Dar es Salaam. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mtaani iliitwa dala, na ndipo tukapata daladala. Mikoani mlango ulifunguka hivyohivyo. Kufikia miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa na kufungwa, KAMATA ilikuwa imebaki kuwa kituo cha kushuka.

Mabasi ya watu binafsi yalipochukua nafasi, magharibi ilikuwa bado na tatizo lake la zamani: barabara. Basi la Dar es Salaam kwenda Tabora halikuweza kufuata njia ya misafara. Lilifika Dodoma, kisha badala ya kunyoosha Itigi likapinda kaskazini kwenda Singida, Igunga, Nzega, ndipo likateremka kusini hadi Tabora. Ukitazama ramani unaona upinde mkubwa unaolikwepa pori. Mwanzoni yalikuwa mabasi ya kijeuri, Isuzu, Nissan Diesel na Scania, mengi yamechongewa bodi hapahapa nchini juu ya chesisi ya lori, marefu kwenda juu, na keria ya mizigo juu kabisa yenye ngazi nyuma. Huko juu ndiko lilikokuwa duka zima: magunia, magodoro, baiskeli, mbuzi, asali ya Tabora kwenye madumu. Katika miaka ya 2000 yakaanza kuingia ya Kichina, Yutong, Higer, Zhongtong, yenye buti chini ya abiria. Ngazi ya nyuma ikatoweka, na pamoja nayo ikatoweka sanaa ya kijana anayepanda keria basi likiwa linatembea.

Lami ilikuja vipande vipande. Tabora hadi Nzega kilikamilika, Tabora hadi Nyahua kikakamilika, upande wa mashariki Manyoni, Itigi na Chaya navyo vikapata. Kikabaki kipande kimoja, Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4, kinachopita Tura, pale pale Mgunda Mkali ilipokuwa ikiishia. Wapagazi walikuwa wakilivuka pori lile kwa siku nyingi, wakisukumana kufika kwenye maji. Kipande hicho kilijengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Kuwait na kikafunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022. Kwa hiyo, zaidi ya karne moja baada ya reli kufika Tabora, ndipo basi nalo lilipoweza kupita moja kwa moja kwenye njia ya misafara. Mahali palipowashinda wapagazi nguvu ndipo palipokuwa pa mwisho kupata lami.

Nilipita huko mwaka uliofuata, nimekaa kiti cha mbele karibu na kondakta, kijana wa Urambo. Alikuwa na daftari la mizigo mkononi, simu mbili, na kifurushi cha mkate alichokuwa akikimega tangu Morogoro. Tulipotoka Itigi nikamuuliza kama anajua tunapita wapi.

"Hapa? Pori tu hapa, kaka. Zamani tulikuwa tunazungukia Singida."

Nikamwambia kuhusu Wanyamwezi waliopita hapo na pembe begani, mwezi wa tatu wako njiani, na mshahara wao ni nguo.

Akacheka. "Na posho walikuwa wanapewa?"

"Kila siku."

"Basi walitupita," akasema. "Sisi posho ni pale tajiri akiwa na furaha."

Mama mmoja kiti cha nyuma, anayerudi kwake Sikonge, akaingilia: "Mwanangu, msimlaumu tajiri, na nyie mizigo mingine hamuiandiki kwenye hilo daftari." Gari zima la mbele likacheka, kondakta naye akacheka, akafunga daftari. Ndani ya utani ule wa dakika mbili kulikuwa na uchumi mzima wa basi: mshahara usioandikwa, mzigo usioandikwa, na kila mmoja anafidia upungufu wake kwenye karatasi ya mwenzake.

Jambo hilo halikuanza jana. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi nchini waligoma, na Ubungo, ambako ndiko ilikokuwa stendi kuu ya mikoani wakati huo, abiria walijikuta hawana pa kwenda. Mwezi Mei wakagoma tena. Walipinga kutakiwa kurudi darasani kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni, lakini lililokuwa chini yake lilikuwa kubwa zaidi: mikataba ya ajira. Dereva mwenye uhai wa watu 60 mkononi hakuwa na karatasi inayosema analipwa kiasi gani, anapumzika lini, na akivunjika mguu nani atamtibu. Magazeti mengi siku ile yaliandika habari ya abiria waliokwama, na ni kweli walikwama. Nikizisoma sasa habari zile nasikia mwangwi wa vitabu vya wasafiri wa karne ya 19: mzigo umewekwa chini, safari imekwama, hawa watu wana nini?

Kumbuka kwamba mpagazi wa mwaka 1857 alijua mshahara wake kabla ya kuinua mzigo.

Ukifika Tabora leo utapelekwa Kwihara, nje kidogo ya mji, kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, kwanza akiwa na Henry Morton Stanley, kisha akiwasubiri wapagazi wapya. Ni makumbusho sasa, na ni mahali pazuri pa kutembelea. Njia yote ya misafara iko kwenye orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2006, ikiwa na vituo kama Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji. Jina lake kwenye orodha hiyo ni njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Ni jina la kweli, na watumwa wanastahili kuwa wa kwanza ndani yake. Lakini soma tena uone ni nani hayumo. Waliouzwa wametajwa, kilichouzwa kimetajwa, na aliyeiendesha njia yenyewe kwa karne nzima, mpagazi, hajatajwa.

Sasa reli mpya ya umeme inajengwa kutoka Makutupora kuelekea Tabora, na treni zake zimeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024. Ikifika Tabora kutakuwa na sherehe, na tutatajiwa kilomita, kasi, idadi ya mabehewa na jina la mkandarasi. Sina ugomvi na hayo. Mabasi nayo yatatafuta nafasi yake tena, kama ambavyo misafara ilitafuta nafasi yake treni ilipokuja, na baadhi ya makondakta na madereva watakosa kazi kwa namna ileile wapagazi walivyokosa. Ningependa tu kwenye ukuta wa stesheni hiyo mpya kuwe na mstari mmoja unaosema njia hii ilifunguliwa na Wanyamwezi waliobeba kwa mshahara.

Na wewe msomaji, kama una babu aliyeendesha KAMATA, bibi aliyekata tiketi RETCO, au mjomba aliyekuwa utingo wa malori ya Tabora, mpigie simu wiki hii. Usimuulize gari lilikuwa la aina gani, hilo atakuambia mwenyewe. Muulize alilipwa nini, aliandikiwa wapi, na posho ilikuwa kiasi gani.